Swichi ya Gitaa na Fundi wa Redio: Ushahidi Mdogo wa Historia ya Muziki wa Kampala

Wanaoandika historia ya muziki wa dansi wa Afrika Mashariki huanza na waimbaji. Baadaye huja bendi, kisha kampuni za kurekodi, na mwishowe siasa. Vyombo vyenyewe hutajwa kwa majina tu: gitaa la solo, gitaa la rithimu, besi, tarumbeta, ngoma. Katika kusoma kwangu sijakutana na mwandishi aliyechukua bisibisi, akalifungua gitaa na kutazama ndani. Mimi nilifanya hivyo mwaka jana. Nilichokikuta ni swichi iliyochakaa, ndogo kuliko kiganja cha mtoto, na insha hii inahusu swichi hiyo. Hoja yangu ni kwamba kifaa hiki, kikisomwa kwa makini, kinatueleza jambo ambalo nyimbo za miaka ya 1970 hazielezi: ni nani aliyeifanya sauti ya gitaa iendelee kusikika Kampala wakati vipuri havikuwapo, na alifanyaje.

Nianze na majina, kwa kuwa sisi tunaosomea Kiswahili hatuwezi kupita hapo kimya. Gitaa la umeme lina pikapu. Msomaji wa Kampala akisikia neno hilo ataona gari lililobeba matoke kutoka Masaka. Pikapu ya gitaa ni kitu kingine: ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma ukitetemeka juu ya sumaku hiyo, mkondo mdogo wa umeme huzaliwa ndani ya waya, nao hupelekwa kwenye amplifaya. Pikapu iliyo karibu na shingo hutoa sauti nene na ya upole. Iliyo karibu na daraja, pale nyuzi zinapoishia, hutoa sauti kali inayochoma. Mpigaji huchagua kwa kusukuma kijiti. Kijiti hicho na vyuma vilivyo chini yake ndiyo swichi ninayoizungumzia. Wanamuziki wazee niliowauliza hawana jina jingine ila swichi, nami sioni haja ya kubuni.

Gitaa lenyewe ni la mjomba wangu. Lilitengenezwa Japani kwa kuiga umbo la Stratocaster ya kampuni ya Fender, lina pikapu tatu, na jina la mtengenezaji limefutika kichwani. Mjomba alilipigia solo katika bendi ya hoteli moja hapa mjini kati ya mwaka 1974 na 1979. Halikuwa mali yake. Kama ilivyokuwa katika bendi nyingi za wakati ule, hapa na Dar es Salaam na Nairobi, vyombo vilikuwa vya tajiri, na mwenye vyombo ndiye aliyekuwa mwenye bendi. Mpiga solo aliyehama bendi aliondoka na vidole vyake tu.

Sasa turudi nyuma kidogo, mpaka California, kwa sababu asili ya swichi hii inashangaza. Leo Fender hakuwa mwanamuziki, wala hakujua kupiga gitaa. Alikuwa fundi wa redio. Mwaka 1938 alifungua duka la kutengeneza redio katika mji wa Fullerton, na wanamuziki wakawa wanampelekea amplifaya zao zilizoharibika. Alipoanza kuuza magitaa ya umeme mwaka 1950, hakubuni swichi mpya ya kuchagulia pikapu. Alichukua iliyokuwapo sokoni, iliyotengenezwa na Centralab, kampuni ya Milwaukee iliyouza vipuri vya redio na vya mitambo ya umeme. Ilikuwa na ubao mwembamba wa kahawia, kipande cha chuma kinachozunguka katikati, ndimi za chuma zinazokibana kipande hicho kutoka pande mbili, na springi inayokilaza kijiti katika vishimo vitatu. Stratocaster ilipotoka mwaka 1954 ikiwa na pikapu tatu, vishimo vitatu vilitosha: pikapu moja kwa kila kishimo.

Kwa hiyo swichi ya gitaa ni mtoto wa karakana ya redio. Nalisisitiza hili kwa sababu tumezoea kulisimulia gitaa la umeme kama kitu kilichotujia kikiwa kimekamilika kutoka ng'ambo, sisi tukibaki kukipiga tu na kukingojea kikifa. Fundi wa redio wa Katwe aliyefungua gitaa kwa mara ya kwanza hakukutana na kitu kigeni. Alikutana na kipuri cha aina aliyoijua, kikiwa kimewekwa ndani ya ubao.

Wapigaji wa Marekani nao hawakuitumia swichi hiyo kama alivyokusudia Fender. Waligundua kwamba kijiti kikisimamishwa katikati ya vishimo viwili, pikapu mbili hulia pamoja na kutoa sauti yenye uwazi ndani yake, kama mtu anayeimba akiwa ameweka mdomo kwenye mtungi. Kijiti hakikupenda kukaa pale, springi ilikirudisha. Wengine waliilegeza springi, wengine wakakizuia kijiti kwa kipande cha kitu. Ilichukua zaidi ya miaka 20 kabla ya Fender kukubali, na mwaka 1977 ikaanza kuweka swichi ya vishimo vitano. Gitaa la mjomba lina vishimo vitatu, jambo linaloelekeza kwenye miaka ya kabla ya hapo. Ushahidi huo peke yake hautoshi, maana waigaji mara nyingi huchelewa kubadilika, lakini unakubaliana na kauli yake kwamba lilifika Kampala likiwa jipya mwaka 1974.

Gibson, mshindani wa Fender, kwa miaka mingi iliandika pembeni ya swichi ya modeli yake ya Les Paul maneno mawili ya Kiingereza, moja la rithimu na jingine la sauti kali. Maana yake ni kwamba mtu mmoja alitarajiwa kuhama kutoka kazi moja kwenda nyingine kwa kusukuma kijiti. Kwetu kazi hizo ziligawiwa watu. Bendi zilizofuata mtindo wa Kongo zilikuwa na mtu wa rithimu, mtu wa solo, na mara nyingi mtu wa tatu kati yao. Mtu wa rithimu angeweza kucheza usiku kucha bila kuigusa swichi. Mtu wa solo ndiye aliyeihitaji: wakati wa beti alikaa kwenye sauti ya upole ili asimfunike mwimbaji, na sebene ilipoanza alikisukuma kijiti kuelekea darajani. Mjomba anakadiria alifanya hivyo mara 30 au 40 kwa usiku, usiku tano kwa wiki. Sina njia ya kuhakikisha hesabu yake. Lakini nilipoifungua swichi nilikuta ulimi wa upande wa daraja umelika mpaka rangi yake ya fedha imekwisha na shaba inaonekana, ilhali ulimi wa pikapu ya kati bado unang'aa. Hapo nilielewa kwamba nina chanzo cha historia mkononi.

Ili kukisoma chanzo hicho lazima tukumbuke hali ya Kampala ya wakati ule. Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia, akawapa siku 90. Maduka yao yaligawiwa watu ambao wengi wao hawakujua mali inaagizwa wapi wala kwa njia gani. Bidhaa zilizokuwa rafuni zilikwisha, na nyingine hazikuja. Sukari, sabuni na chumvi vikawa vya magendo; ni nani angekumbuka kuagiza swichi ya gitaa? Hata hivyo muziki haukufa. Afrigo Band ilianzishwa mwaka 1975 na inapiga mpaka leo. Wanamuziki wa Kongo walikuwa wamejaa mjini: Orchestra Makassy ilianzia hapa kabla ya kuhamia Dar es Salaam, na Samba Mapangala alipitia hapa na Les Kinois kabla ya kwenda Nairobi, ambako baadaye aliunda Orchestra Virunga. Mjomba anasema mazoezini walizungumza Kiswahili, kwa kuwa mpiga besi alikuwa Mkongo, mpiga ngoma Mluo, na yeye Muganda. Nawaachia wanaisimu jambo hilo, ingawa ningependa mmoja wao alifuatilie kabla wazee hao hawajaondoka.

Wapo waliojiepusha na tatizo la vipuri bila kukusudia. Kadongo kamu, muziki wa masimulizi wa Waganda, maana yake ni gitaa dogo moja, na gitaa la mbao lisilo na umeme halina swichi ya kuchakaa. Waliopata shida ni watu wa bendi.

Swichi ya gitaa hufa kwa njia mbili, na tofauti yake ni muhimu kwa hadithi hii. Ya kwanza ni uchafu. Vumbi, moshi wa sigara na jasho hutengeneza utando juu ya ndimi, na kijiti kikisukumwa spika hukwaruza kama redio inayotafuta stesheni. Utando huo husafishwa kwa spiriti. Fundi asiye na subira huchukua msasa, na kwa kufanya hivyo huikwangua ile rangi ya fedha inayopitisha umeme vizuri, kwa hiyo swichi hupona leo na kufa kabisa mwakani. Mjomba anakumbuka kwamba fundi wao wa Katwe alitumia kifutio cha penseli, kile cha wanafunzi, kilichokatwa kikawa chembamba kama njiti ya kiberiti. Njia ya pili ni kuchoka. Ndimi hulegea zikaacha kubana, au huliwa zikakatika. Hapo kifutio hakisaidii.

Swichi ya aina hii ina pande mbili zinazofanana, kila upande na ndimi zake. Upande wa kwanza huchagua pikapu. Upande wa pili huchagua vitufe vya toni, vile vya kupunguza ukali wa sauti. Katika gitaa la mjomba nilikuta upande wa kwanza hauna waya hata mmoja. Madoa ya risasi ya kulehemu yalikuwa bado pale, madogo na nadhifu, kazi ya kiwandani. Waya zote za pikapu zilikuwa zimehamishiwa upande wa pili, na risasi iliyotumika huko ilikuwa nyingi, yenye rangi ya kijivu, imewekwa na mkono mzito uliokuwa na haraka. Waya wa toni ulikuwa umekatwa na ncha yake kukunjwa.

Ni rahisi kuona kilichotokea. Upande wa kwanza ulichoka, swichi mpya haikupatikana, na fundi akaona kwamba ndani ya swichi hiyohiyo kuna swichi ya pili iliyokuwa haifanyi kazi kubwa. Akaihamishia kazi, na gharama yake ikawa vitufe vya toni. Leo fundi mwenye duka lililojaa vipuri asingefikiri hivyo, kwa kuwa hana sababu ya kufikiri hivyo. Mimi nauona uamuzi ule kuwa wa akili sana, na nasikitika kwamba jina la aliyeufanya halikuandikwa mahali popote. Mjomba analikumbuka jina moja tu alilojulikana nalo mtaani.

Mjomba anasema kazi hiyo ilifanyika Aprili 1979. Gitaa lilipelekwa Katwe mwishoni mwa Machi, wakati mizinga ilipokuwa ikisikika upande wa kusini. Tarehe 11 Aprili Kampala ilianguka mikononi mwa jeshi la Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliokuwa pamoja nalo, na siku zilizofuata maduka na ofisi za mjini ziliporwa. Vyombo vya bendi vilivyokuwa vimefungiwa stoo ya hoteli vilitoweka vyote. Mwenye bendi alikuwa amekwisha kukimbia. Kilichobaki ni gitaa moja lililokuwa limelala Katwe, tumbo wazi, likingojea swichi.

Mwanafunzi wa historia anapaswa kuitilia shaka hadithi inayonoga namna hii. Masimulizi ya vita hukua kila yanaposimuliwa, nami nimeisikia hii harusini na matangani, kila mara na mizinga mingi zaidi. Lakini swichi inaunga mkono sehemu yake ya msingi. Haiwezi kutaja mwezi wala mwaka. Inaweza kusema kwamba ilitengenezwa na fundi mzoefu wa redio, asiye na kipuri, aliyekuwa na haraka, na kwamba baada ya hapo haikuguswa tena kwa miongo mingi. Kwa miaka ambayo daftari za hoteli na za bendi zimepotea, sina karatasi inayosema hata hayo.

Ndiyo maana tulibishana. Mwaka jana ulimi wa daraja upande wa pili nao ulikatika. Hapakuwa na upande wa tatu wa kuhamia. Mjomba alitaka swichi mpya, gitaa lilie. Mimi nilitaka gitaa libaki lilivyo.

"Mjomba, ukiitoa hiyo umekichoma kitabu," nilimwambia.

"Mpwa wangu," akajibu, "hicho kitabu unakisoma wewe peke yako. Gitaa wanalisikia watu."

Nilikwenda Kamwokya, katika Jumba la Makumbusho la Uganda, kutafuta hoja ya kumshinda, nikarudi na hoja yake. Klaus Wachsmann, mtaalamu wa muziki aliyeliongoza jumba hilo kuanzia mwaka 1948 hadi 1957, hakutaka ngoma, vinubi na marimba viwe vitu vya kutazamwa tu nyuma ya kioo. Alitaka vipigwe, na desturi ya kuwapigia wageni imeendelea. Chombo kinachopigwa hukatika nyuzi na kupasuka ngozi, na lazima kibadilishwe vipande. Hakuna Muganda atakayesema ngoma imekuwa ngoma nyingine kwa sababu imevikwa ngozi mpya. Ila ngozi ya ngoma haiandikwi na mtu, na ndimi zile ziliandikwa. Kwa hiyo tukakubaliana: swichi ya zamani itolewe bila kukatwa wala kusafishwa, nipige picha kila sehemu iliyolehemiwa kabla haijaguswa, nichore ramani ya waya, kisha mjomba apate swichi yake.

Swichi iliyopatikana mjini ilikuwa ya Kichina, ya vishimo vitano, na haikufanana na ile ya zamani hata kidogo. Ndimi zake zimefichwa ndani ya kijikasha cha plastiki na miguu yake 8 imepangwa katika mstari mmoja. Skrubu za zamani hazikuingia. Kofia nyeupe ya kijiti, iliyogeuka manjano kwa vidole vya mjomba, ilikataa kukaa, ikabidi kijiti kivishwe utepe kwanza. Fundi, kijana wa simu na redio mwenye meza Katwe, alizijaribu zile ndimi za zamani kwa bisibisi, akacheka kidogo kwa heshima.

"Mzee, aliyefanya hii alijua kazi," alisema. "Sasa hivi tungetupa."

Aliilehemu swichi mpya kama mchoro unavyotaka, pikapu upande mmoja na toni upande wa pili. Kwa mara ya kwanza tangu 1979 vitufe vya toni vilifanya kazi. Vishimo viwili vya ziada vilitoa ile sauti ya mtungini ambayo wapigaji wa Marekani waliihangaikia. Mjomba alivijaribu, akatikisa kichwa, akarudi darajani. Akapiga sebene moja nusu. Akasimama.

"Sauti imelala," alisema.

Fundi akamhakikishia kwamba toni imefunguliwa mpaka mwisho. Ilikuwa kweli. Lakini mjomba pia alikuwa sahihi, na sababu yake ni ya kiumeme: hata toni ikifunguliwa mpaka mwisho, waya wake bado hunyonya sehemu ndogo ya ule ukali wa juu. Gitaa lililokatwa waya huo hulia kali zaidi. Fundi wa 1979, alipokuwa akitafuta njia ya kuokoa swichi, alibadilisha pia sauti. Mjomba alipiga kwa sauti hiyo katika bendi nyingine mbili baada ya vita, na vijana aliowafundisha walijifunza kwa kuisikia. Nimekuwa nikijiuliza ni kiasi gani cha kile tunachokiita mlio wa gitaa la Kampala kilitengenezwa namna hii, mezani pa fundi, kwa sababu ya kitu kilichokosekana dukani. Gitaa moja halitoshi kujibu. Yapo mengine mitaani na makanisani, na mengi hayajafunguliwa.

Mjomba alimwomba fundi aukate tena waya wa toni. Kijana alisita, akaniangalia mimi mwenye mchoro. Nikamwonyesha picha ya swichi ya zamani, mahali waya ulipokuwa umekatwa, naye akaukata palepale, akaikunja ncha na kuifunga kwa utepe mweusi. Swichi ya zamani ninayo, ndani ya bahasha pamoja na ramani yake. Vitufe vya toni vinazunguka bure, kama vilivyozunguka tangu mwaka ule.